Hesabu ya Kaka na Hesabu ya Injini

Boom likiingia, chumbani kwetu hoja huwa ni moja: tuchange tununue pikipiki, tumpe kijana nyumbani, atuletee hesabu. Sipingi. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na hesabu za namna hiyo. Kaka yangu ni dereva wa bodaboda Misigiri, wilayani Iramba, mkoani Singida, na daftari zangu nyingi za sekondari zilitoka kwenye tanki la pikipiki yake. Lakini kabla hujatoa hela, kaa nami kidogo tujifunze kilichotukuta likizo iliyopita. Mimi nasomea ualimu, kwa hiyo nivumilie nikishika chaki.

Kaka alikuwa na pikipiki ya mkataba, injini 125. Kila siku anapeleka elfu nane kwa mwenye chombo, na ilibaki miezi minne iwe yake. Safari zinazolipa kwake ni za Shelui: unashuka mlima Sekenke na abiria, unapanda na abiria pamoja na gunia la mchele. Kupanda ndiko kulikomsumbua. Fundi mmoja akamwambia, "Tuichonge iingie pistoni ya 150, utapanda kama umeshuka." Kaka akanipigia simu. "Dogo, wewe msomi, unasemaje?" Nikamjibu kwa haraka, "Kaka, kama fundi anajua, fanya." Jibu hilo ndilo lililonigharimu.

Wiki tatu za kwanza pikipiki iliruka. Wiki ya nne, katikati ya Sekenke, saa nane mchana, injini ikaanza kugonga kama mtu anapiga debe, nguvu ikaisha, tairi la nyuma likaburuzika. Pistoni ilikuwa imekamata kwenye silinda. Bahati nzuri hakuna aliyeumia.

Kwanza, ukubwa unatoka wapi

Pikipiki nyingi za mizigo kwetu zimefuata muundo wa Honda CG125, iliyotoka miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo barabara ni mbaya na mafundi ni wa chini ya mti. Pistoni yake ina kipenyo cha milimita 56.5 na inatembea milimita 49.5. Chukua eneo la duara, zidisha kwa mwendo wa pistoni, unapata sentimita za ujazo 124. Za 150 za muundo huohuo zina pistoni ya milimita 62, mwendo uleule wa 49.5. Piga tena: 149.

Kipenyo kimeongezeka milimita tano na nusu tu, ila ujazo umepanda kwa asilimia 20, kwa sababu kwenye eneo la duara kipenyo kinajizidisha chenyewe. Hapa tutofautishe na ovasaizi. Silinda ikilika, fundi anaichonga robo milimita, nusu, hadi moja, anaweka pistoni ya saizi hiyo. Hata ukifika milimita nzima, ujazo unakuwa kama 128 tu. Hayo ni matengenezo ya kawaida. Kutoka 125 kwenda 150 ni jambo lingine kabisa.

Pili, joto linakwenda wapi

Injini kubwa zaidi inachoma mafuta mengi zaidi ukiibana. Sehemu ya nishati hiyo inasukuma tairi, lakini kubwa zaidi inageuka joto. Gari lenye rejeta linabeba joto kwa maji. Injini ya kaka inapozwa kwa hewa: ina mapezi pembeni ya silinda, na upepo wa mwendo ndio unaolichukua. Zaidi ya hapo ni oili, kama lita moja tu.

Sasa fikiria Sekenke. Gia ya pili, mzigo mzito, mwendo wa taratibu. Ni saa ambayo injini inatoa joto jingi kuliko wakati wowote, na ndiyo saa ambayo upepo wa mwendo ni mdogo. Watu wa Singida tunajisifu kwa upepo, lakini upepo unaokusukuma mgongoni haupozi kitu. Ukienda kilomita 30 kwa saa na upepo wa nyuma nao ni 30, mapezi yako ni kama yamesimama.

Fundi alitoa silivu ya zamani, akapanua tundu, akaweka silivu kubwa kwenye bloku ileile ya 125. Mapezi yaleyale, oili ileile, joto la ziada. Na chuma kilichobaki kuizunguka silivu kikawa chembamba, hivyo silinda ikipata moto inapinda kwa urahisi na kupoteza uduara. Pistoni ya alumini inatanuka kuliko silivu ya chuma. Nafasi kati yao ikiisha, inakamata. Hakukuwa na uchawi pale.

Tatu, mgandamizo

Hili nililiona nilipokaa na kalamu. Tuseme injini ilikuwa na mgandamizo wa 9 kwa 1. Ujazo 124 ukigawa kwa 8, nafasi inayobaki juu ya pistoni ni kama 15.5. Weka 149 chini ya hedi ileile, pistoni ikiwa na umbo lilelile: 149 jumlisha 15.5, gawa kwa 15.5. Unapata zaidi ya 10.6. Petroli inaanza kujilipukia kabla ya wakati, ndiyo yale magongo kaka aliyoyasikia. Tena, nguvu inayoshuka kwenye konrodi na beringi imepanda kwa ile asilimia 20, wakati vyenyewe ni vya 125.

Walioweza walifanyaje?

Wazee wetu wanaikumbuka Volkswagen ya mgongo wa kobe, nayo ilipozwa kwa hewa. Ilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962, ikiwa na injini ya 1200 tu. Baadaye kiwanda kiliikuza hadi 1300, 1500 na 1600. Lakini hakikuchonga silinda peke yake. Ile injini ina feni inayozungushwa na mkanda, kwa hiyo hewa inakuja hata gari likienda pole. Zamani kipozeo cha oili kilikaa ndani ya nyumba ya feni na kuizibia hewa silinda moja. Kwenye matoleo ya 1971 ya 1600 walikitoa pembeni, kikapata njia yake ya hewa.

Wamiliki wengine hawakuridhika, wakaingiza pistoni za milimita 88 badala ya 85.5, kwenye mashimo yaleyale, bila kuchonga bloku. Ujazo ulifika karibu 1680, lakini kuta za silinda zikawa nyembamba, na seti hizo zikapata sifa mbaya ya kupinda kwa joto. Waliotaka kipenyo kikubwa zaidi na gari la kila siku ilibidi wachonge bloku na hedi ili ziingie silinda zenye kuta nene. Somo ni lilelile: ukikuza kimoja, vingine vyote vinakudai.

Basi tufanye nini?

Kama shida ni mlima, anza na sproketi. Ya mbele ikitoka meno 15 kwenda 14, nguvu kwenye tairi inaongezeka kama asilimia 7. Utapoteza mwendo kidogo tambarare, lakini injini haijaguswa. Mwaga oili kwa wakati. Chomoa plagi uitazame: rangi ya kahawia ni salama, nyeupe ni dalili ya joto kupita kiasi. Ukiamua lazima 150, nunua bloku ya 150 yenye mapezi yake, hedi yake na kabureta yake, na ujue bado konrodi ni ile ya zamani. Wiki za kwanza usiibane. Na kama chombo ni cha mkataba, mwenye chombo aambiwe kabla.

Sisi hatukumwambia. Pikipiki ilikaa gereji siku 19, na kila siku elfu nane ilidaiwa palepale: 152,000, kabla hujagusa spea. Nilitoa hela yangu ya chumba, nikamaliza muhula nikilala kwa rafiki, mzungu wa nne. Kaka sasa anapanda Sekenke taratibu na gunia moja, na mkataba umeisha.

Alinipigia juzi. "Dogo, kuna fundi anasema tuongeze..." Safari hii nilimwambia asubiri, nikachukua kalamu kwanza.