Alichana ukurasa mmoja tu

SHANGAZI, nina miaka minane kwenye ndoa na watoto watatu. Nauza chapati na maharage karibu na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu hapa Mkwajuni. Mume wangu ni mchimbaji. Kila usiku huwa naandika kwenye daftari mambo ya siku hiyo, na nikishaandika napata usingizi. Mwezi uliopita mume wangu alilikuta nyuma ya ndoo ya unga, akalisoma lote. Pale nilipoandika habari za mwanamke wake wa Saza alicheka, akasema nina wivu wa kitoto. Kisha akachana ukurasa wa shilingi 450,000 nilizokopa kikoba nikampa anunue magogo ya duara, yaani shimo analochimba dhahabu. Anasema mke mwema haandiki mambo ya nyumba, huko ni kumwanika mume. Dada yangu anasema nilichome daftari ili amani irudi. Je, kuandika ni kosa?
Mama wa Watatu, Mkwajuni

Mwanangu,

Barua yako ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa ilikuwa ya yule mwanamke wa Saza. Nimeikata. Jambo lenyewe umelipitisha kwa sentensi moja, kama mtu anayevuka na mzigo mpakani Tunduma akiomba asiangaliwe.

Mumeo alikuwa na daftari zima mkononi. Aliposoma kwamba anakuliza, alicheka. Aliposoma kwamba ana mwanamke, wala hakukana, alicheka tena. Alipofika kwenye tarakimu ndipo kicheko kilipokatika. Mwanamume anayeogopa kuanikwa angeanza na ukurasa wa hawara. Huyu aibu yake ameiacha daftarini bila wasiwasi, akachana deni lake.

Kwa hiyo swali la kama kuandika ni kosa nitalijibu upesi, maana silo linalokusumbua. Si kosa. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti wao huko Marekani: wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, kwa siku nne mfululizo. Walioandika mambo yaliyowahi kuwaumiza, tukio pamoja na walivyolihisi, walimaliza wakiwa na huzuni zaidi kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache zaidi. Tafiti za baadaye zimekuta faida ndogo kuliko ile ya mwanzo. Hata hivyo ipo, na wewe hukuhitaji profesa akuambie, kwani umesema mwenyewe ukiandika unalala.

Wazee, mshenga na mchungaji unawajua. Ukiona wanafaa, nenda. Akikupiga, Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, na usingoje mara ya pili.

Sasa tuzungumze.

Hapo Mkwajuni dhahabu haisogei bila kuandikwa. Viroba vya mawe vikitoka duarani kuna anayehesabu: vya mwenye leseni, vya mfadhili, vya wachimbaji. Karashani zamu inaandikwa. Tangu masoko ya madini yaanzishwe mwaka 2019, mzigo ukifika sokoni unapimwa hadi vipande vya gramu, na karatasi inaonyesha mrabaha wa serikali ni kiasi gani. Mumeo anashinda mchana kutwa kwenye maandishi. Karani akisahau kiroba chake kimoja, ugomvi utasikika hadi Saza. Akirudi nyumbani ndipo anagundua kwamba kuandika ni utovu wa adabu!

Na hilo neno mfadhili, ulisome tena. Anayetoa fedha za magogo, za mota ya kuvutia maji, za chakula cha vijana shimoni, ndiye anayeitwa hivyo, na duara likitema ana mgao wake. Hizo 450,000 angezitoa mfanyabiashara kutoka Mbeya, angekaa pale juu siku ya kugawana hadi kiroba chake cha mwisho kipakiwe. Umezitoa wewe, ukaambiwa ni mambo ya nyumba. Sisi wanawake tumelelewa kuona haya tukitaja fedha mbele ya mume, tukadhani haya hiyo ni heshima. Mimi naiona ni mzigo tu, tena wa kubebeshwa. Anayekuheshimu hasumbuki ukijua alichokula kwako.

Lakini kuna jambo baya zaidi ya ukurasa kuchanika, na sijui kama umelifikiria. Mkopo wenyewe haukupotea. Upo kwenye kitabu cha kikoba, kwa mwandiko wa katibu, na mdaiwa aliyeandikwa pale ni wewe. Kitabu hicho kinajua umekopa. Hakijui fedha zilikwenda wapi. Ukurasa pekee uliosema zilikwenda wapi ndio huo alioutia mfukoni. Wewe utaendelea kurejesha kwa faida ya chapati, naye ataendelea kuwa mtu asiyedaiwa. Halafu dada yako anataka uchome na kurasa zilizobaki!

Amani anayoizungumzia dada yako naijua. Ni ile ambayo mmoja ananyamaza na mwingine analala.

Sasa zamu yako ya kusemwa. Daftari lako, kwa jinsi ulivyolieleza, limejaa uliyotendewa. Uliyopokea je? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi wanaisifu kesi hiyo kwa sehemu hiyo. Isiyosimuliwa sana ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alitoka mikono mitupu: mumewe alikuwa amempa fedha za kuanzisha mradi wa familia, na mahakama iliona amezitapanya. Sikutumi mahakamani, usinielewe vibaya. Nakuambia Sheria ya Ndoa ya 1971 inaangalia mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi, na daftari linalokumbuka upande mmoja halimsaidii hata mwenye kuliandika. Kama alilipa ada, andika. Kama aliezeka nyumba kwa fedha za duara, andika, na siku aliyofanya. Utashangaa mambo mawili: huenda ametoa zaidi ya unavyokumbuka ukiwa na hasira, na huenda wewe umetoa zaidi ya ulivyothubutu kujumlisha.

Leo usiku andika upya ukurasa uliochanwa. Weka tarehe ya leo, usiirudishe nyuma. Eleza kwamba ule wa kwanza ulichanwa, lini na nani, kisha andika kiasi, siku uliyotoa na fedha zilikuwa za kununua nini. Lipige picha daftari, umpe nakala mtu asiyekaa nyumba hiyo. Dada yako simpendekezi. Mkopo mwingine wa duara usichukue hadi huu uishe. Ukilazimika kumpa fedha tena, mtumie kwa simu, hata kama amekaa mkekani pembeni yako.

Na daftari litoe nyuma ya ndoo ya unga. Liweke mezani. Kurasa za machozi zinaweza kukaa kwenye daftari jingine, sanduku la nguo linatosha, hizo ni zako peke yako. Hili la hesabu liache mahali anapokulia. Akikuuliza unaandika nini, mjibu kwa sauti ya kawaida kwamba unaandika 450,000, na umwombe akukumbushe: magogo yale alinunua kwa nani, kwa shilingi ngapi, na chenji ilikuwa kiasi gani.