Mfungwa ni wa Kuadhibiwa au wa Kutengenezwa?

Watu wengi huuliza: mtu atiwapo gerezani, yakusudiwa aumie au atengenee?

Abu Yusuf, kadhi mkuu wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyefariki mwaka 798, alilieleza jambo hili katika Kitabul Kharaj. Alimshauri Khalifa kwamba kila mfungwa fakiri apewe dirhamu 10 kwa mwezi, na nguo za baridi na za joto, wasije wakatolewa na minyororo kwenda kuomba sadaka. Tena alitaka fedha zitiwe mkononi mwa mfungwa mwenyewe, kwani mikate ikipitia kwa walinzi, walinzi huila.

Zingatieni: hakusema mwizi asihukumiwe. Hukumu ni ya kadhi. Ikishakatwa, hapana mwenye haki ya kuizidisha kwa njaa wala fedheha. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 51, nayo yamwachia mfungwa haki zake zote, ila zile zisizopatana na kufungwa kwake.

Aliyeibiwa ana haki ya kuona hukumu. Lakini atafaidi nini iwapo mwizi atatoka mbaya kuliko alivyoingia?

Na sisi tuna sehemu yetu. Mtu aweza kufunzwa useremala gerezani. Akitoka, nani atampa kazi? Tukizidi kumwita mwizi na kifungo amekwisha kukitumikia, twamhukumu mara ya pili pasi na kadhi. Basi kila mwenye duka au karakana mjini petu na ajiulize: akija mtu kama huyo kesho kutaka kazi, nitamjibuje?