Jifunze: Kuomba Ufadhili wa Utafiti wa Wanyamapori

Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Kaunti yetu ya Taita Taveta. Ndovu wakiingia shambani usiku, mahindi ya msimu mzima huweza kuisha kabla ya alfajiri. Kwa hivyo, utafiti wa wanyamapori unamhusu kila mkaazi.

Tazama mfano wa Sagalla. Mtafiti Lucy King, akisomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Oxford, alichunguza iwapo ndovu huogopa nyuki. Kazi hiyo ilizaa uzio wa mizinga: mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Rekodi za miaka kadhaa Sagalla zilionyesha kwamba hadi asilimia 86 ya ndovu walizuiwa mazao yakiwa yamestawi. Hata hivyo, ukame ukizidi, nyuki huhama na uzio hupungua nguvu. Hapo pana kazi kwa wanafunzi wetu.

Anza na swali

"Athari za ndovu Taita Taveta" ni mada pana mno. "Je, kuwawekea nyuki maji wakati wa kiangazi huwazuia kuhama mizinga?" ni swali linaloweza kupimwa na kupangiwa bajeti.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Tafuta msimamizi chuoni na uandike pendekezo la utafiti.
2. Tenganisha karo na gharama za nyanjani, kama vile nauli, vifaa na malipo ya wasaidizi.
3. Omba panapofaa. Bodi ya HELB hutoa mikopo kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Mfuko wa Taifa wa Utafiti (NRF) hugharamia utafiti. Fuatilia matangazo yake. Wakfu wa Rufford wa Uingereza husaidia kazi ya uhifadhi nyanjani, si karo.
4. Pata leseni ya NACOSTI na kibali cha Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori (WRTI), Naivasha.
5. Panga mapema jinsi utakavyorudisha matokeo kwa wakulima, kwa mfano kupitia baraza la chifu.

Zoezi: Muulize jirani yako mkulima ni mnyama gani anayemsumbua, na katika mwezi upi. Andika swali moja kutokana na jibu lake. Hapo umeanza pendekezo lako.