Dondoo muhimu: Kwenda Kanivali ya Mombasa ukitokea Bamburi

Gwaride la kanivali kwa kawaida huwa Novemba, katika Barabara ya Moi penye Pembe za Ndovu. Panda matatu ya Posta mapema. Ukichelewa, foleni ya Daraja la Nyali itakula siku yako. Gari lako liache Bamburi.

Beba maji, kofia na chenji za madafu na viazi karai. Simu isikae mfuko wa nyuma.

Wacheza ngoma wamejipamba ili watazamwe, wapige picha utakavyo. Lakini mama wa watu aliyejisimamia pembeni na buibui lake, muombe kwanza. Ukienda na mtoto, mwandikie nambari yako ya simu mkononi. Jioni nauli hupanda: uliza kabla hujaketi.