Kupima Shauri kwa Kalamu



Wahenga walisema, njia mbili zilimshinda fisi. Hakukosa miguu ya kutembea, bali alikosa kukata shauri. Nasi tulio darasa la mwisho twaikaribia njia panda: mtihani ukiisha, huyu atakwenda chuo cha ufundi, yule ataendelea na masomo ya juu. Kwa hiyo napenda kueleza namna moja ya kupima shauri, ambayo ni ya zamani lakini haijachakaa.

Mwaka 1772 Joseph Priestley, mhubiri na mtaalamu wa sayansi, alikuwa akikaa Leeds, Uingereza. Lord Shelburne, mtu mwenye cheo na mali, alimwita awe mtunza vitabu wake kwa mshahara wa pauni 250 kwa mwaka. Priestley alikuwa na mke na watoto, akasita. Akamwomba shauri rafiki yake Benjamin Franklin, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa London.

Franklin alimjibu kwa barua ya tarehe 19 Septemba kwamba hawezi kumchagulia, kwa kuwa hana habari zote. Ila aweza kumwonyesha jinsi ya kuchagua. Alisema ugumu ni huu: sababu zote haziji akilini pamoja. Leo zaja hizi, kesho zaja zile, na za jana zimekwisha sahauliwa. Njia yake ni hii:

Kwanza, gawa karatasi kwa mstari katikati. Upande mmoja andika sababu za kukubali, upande wa pili sababu za kukataa.

Pili, usimalize siku moja. Kwa siku tatu au nne, andika kwa kifupi kila sababu inapokujia.

Tatu, pima uzito. Sababu mbili zilizo sawa, moja kila upande, zifute zote mbili. Moja ikilingana na mbili za upande ule, zifute zote tatu. Kisha tazama upande uliobaki mzito.

Nne, ngoja siku moja au mbili. Lisipotokea jambo jipya la maana, kata shauri.

Mimi nimeijaribu. Upande wa masomo ya juu niliandika: napenda kemia; rafiki zangu wote wanaenda. Upande wa ufundi: nitajitegemea mapema. Siku ya tatu ndipo nilipoongeza: karo ya wadogo zangu wawili. Ile ya rafiki zangu, iliyopiga kelele kuliko zote kichwani, karatasini ilikuwa nyepesi, nikaifuta. Nilipomsomea mama, aliniuliza, "Na kemia je, mwanangu?" Kalamu haikuweza kumjibu, ilinipasa kujibu mwenyewe. Nimechagua ufundi, na nikiulizwa kwa nini, ninayo ya kusema.

Priestley naye alikubali, akahamia Calne mwaka 1773. Tarehe 1 Agosti 1774, katika nyumba ya Shelburne iitwayo Bowood, alipasha moto oksidi ya zebaki kwa mwanga wa jua uliokusanywa na lenzi, akapata hewa ambayo leo twaiita oksijeni. Sababu hiyo haikuweza kuandikwa katika karatasi yoyote mwaka 1772. Basi, ndugu zangu, tupime kwa bidii yale tunayoyajua. Yaliyobaki tumwachie Mungu.