Kabla ya Kulaumu, Fuata Mtaro

Kila masika, mitaa ya Dar es Salaam hurudia ugomvi ule ule. Maji yameingia ndani, magodoro yamelowa, choo kimefurika. Mwenye nyumba anailaumu serikali. Ofisini wanasema wananchi wanatupa taka ovyo. Wa juu anasema wa bondeni wamejitakia. Wa bondeni anasema taka zote zinamshukia kutoka juu. Kila mmoja ana ukweli kidogo, na mtaro unabaki umeziba. Lawama inaweza kufanya kazi, lakini sharti kwanza igawanywe, kila fungu lifike kwa mwenyewe.

Anza kwa kutembea. Wakati wa kiangazi, chukua daftari na jirani mmoja, mfuate mtaro kuanzia maji yanakotoka hadi yanakoishia. Chupa za plastiki zinaweza kutoka popote. Lakini rundo la nywele bandia nyuma ya saluni, makumbi ya madafu karibu na meza ya muuzaji, tope jeusi linalonuka oili mbele ya gereji, hivyo vina wenyewe. Angalia zaidi mchanga. Wengi hatuuhesabu kuwa taka. Lori linamwaga tripu nzima kando ya barabara kwa ajili ya ujenzi, fundi anatumia anaouhitaji, unaobaki unasombwa na mvua ya kwanza na kutulia ndani ya kalavati. Mwenye mchanga huo anaweza kuwa mtu msafi kabisa, asiyetupa hata ganda la pipi. Angalia pia mabomba yaliyochomoza kwenye kuta za nyumba, kwa maana wapo wanaosubiri mvua kubwa ya usiku ili watapishe choo.

Halafu kuna yale ambayo ufagio hauyawezi: kalavati jembamba kuliko maji linayopokea, mfuniko wa chuma ulioishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, mtaro uliojengwa ukakomea mbele ya ukuta wa mtu. Yaandike yote.

Mkirudi, mbele ya kila tatizo andikeni anayeweza kulizuia na anayelipwa kulishughulikia. Maswali haya mawili yanamaliza ubishi mwingi. Mkazi anaweza kufunika mchanga wake, hawezi kupanua kalavati. Mzoa taka mwenye mkataba anakusanya ada. Gari lake lisipopita wiki tatu, sehemu kubwa ya lawama ya taka zilizorundikana ni yake. Barabara za mitaani na mitaro yake ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017; barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS; mfumo wa majitaka Dar es Salaam ni kazi ya DAWASA. Mwenyekiti wa mtaa hana fungu la kujenga kalavati. Alicho nacho ni muhuri, mkutano wa wakazi, na kiti katika Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mkimtukana kwa kalavati dogo, mmepoteza hasira yenu bure. Mkimbana kwa kutoitisha mkutano, hapo mmemshika penyewe.

Mafungu ya lawama hayatalingana, wala msiyalazimishe yalingane kwa ajili ya amani. Hili nalisema kwa uchungu hasa juu ya watu wa bondeni. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 jijini na kufanya familia nyingi zihamishiwe Mabwepande, maneno yaliyosikika sana yalikuwa kwamba walionywa wakakaidi. Ni kweli sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lakini aliyejenga kando ya Mto Msimbazi aliuziwa kiwanja na mtu, mauziano yakawa na mashahidi, nguzo ya umeme ikasimamishwa mlangoni kwake. Ukitaka kumhukumu, waite na hao wote. Mwenye uwezo mdogo wa kuchagua pa kuishi hawezi kubebeshwa fungu kubwa kuliko wote.

Fungu lako ulilipe kwanza, na majirani waone. Ukishafanya hivyo mdomo unapata nguvu. Usiende kwa jirani na daftari mkononi kama mpelelezi. Nenda jioni, peke yako: “Shikamoo mama. Jana nimeuondoa mchanga wangu pale barabarani, maana nimeona unashuka kwenye kalavati. Nimeona na wa kwako umeanza kushuka. Kesho vijana wangu wapo, naomba tuusogeze pamoja.” Hapo hajaitwa mchafu, na kazi ameshaoneshwa. Anayetapisha choo ni habari nyingine. Huyo anahatarisha watoto wa watu kwa kipindupindu. Mwambie mara moja, asiposikia nenda kwa bwana afya wa kata bila kumwonea haya.

Siku ya kuzibua, tafuteni usafiri kabla ya kutafuta machepe. Watu hutoa tope asubuhi nzima, wakalirundika ukingoni mwa mtaro, wakapiga picha, wakaenda nyumbani. Mvua inayofuata inalirudisha lote. Kama hamjapata guta au kirikuu cha kulibeba, ahirisheni.

Kazi hiyo ya mikono isiwe sababu ya kusamehe fungu la mamlaka. Nimechoka kuona wananchi wakisifiwa kwa kujitolea mwaka baada ya mwaka, ilhali kalavati ni lile lile. Andikeni barua kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa diwani na ofisi inayosimamia barabara hiyo. Tajeni mahali hasa, tatizo lenyewe, wakazi wamekwisha kufanya nini, mnaomba nini na lini. Wekeni picha. Sentensi kama “serikali imetutelekeza” iacheni. Haina wa kuijibu. Hakikisheni nakala yenu inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha itunzeni kwa mtu asiyehamahama.

Angalieni na kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mipango yake hupangwa miezi mingi kabla. Ombi la kalavati pana likifika Aprili, maji yakiwa magotini, linaweza kuwaletea mafundi wa kuzibua tu. Lipelekeni Oktoba au Novemba, na mumwombe diwani alisome kwenye kikao cha kata nanyi mkiwa na ile nakala yenye muhuri.