Programu ya Wavuti na Programu Asilia: Uamuzi wa Mchapishaji katika Enzi ya Simu za Kisasa

Ikisiri

Makala hii inachunguza uamuzi unaomkabili kila mchapishaji anayetaka kazi zake zisomwe kwenye simu za kisasa: je, aandae programu ya wavuti au programu asilia? Aghalabu uamuzi huu huachiwa mafundi wa tarakilishi. Kwa kurejelea hasa kisa cha gazeti la Financial Times la Uingereza kati ya mwaka 2011 na 2017, makala inadai kwamba swali la msingi si la ufundi, bali ni la nani anayeushika mlango ulio kati ya mchapishaji na msomaji wake. Sehemu ya mwisho inaeleza umuhimu wa hoja hiyo kwa uchapishaji wa Kiswahili.

1. Utangulizi

Kitabu kikishatoka mtamboni na kumfikia mnunuzi, hakuna anayeombwa idhini ili kifunguliwe. Aliyekichapa hana uwezo wa kukizuia kisisomwe, wala fundi aliyetengeneza rafu hana haki ya kudai sehemu ya bei yake. Uchapishaji wa simuni ni tofauti. Kati ya matini na msomaji wamo mtengenezaji wa simu, mwenye mfumo wa uendeshaji, mwenye duka la programu na mwenye kivinjari. Na mara nyingine wote hao ni kampuni moja. Kila mmoja wao anaweza kuweka masharti. Kwa hivyo, anayechagua umbo la kuchapishia huwa anachagua pia masharti atakayoishi nayo.

2. Istilahi

Programu asilia ni ile inayoandikwa kwa ajili ya mfumo mmoja mahususi wa uendeshaji. Ya iPhone huandikwa kwa lugha ya Objective-C au Swift; ya Android huandikwa kwa Java au Kotlin. Msomaji huipata kwenye duka la programu, akaipakua na kuisakinisha katika simu yake. Programu ya wavuti, kwa upande wake, huandikwa kwa HTML, CSS na JavaScript, yaani nyenzo zilezile za kutengenezea tovuti. Msomaji huifungua kwa kivinjari, bila kupitia dukani, na akipenda huiwekea alama yake kwenye uso wa simu. Ipo pia aina ya tatu, programu mseto, ambayo ni kurasa za wavuti zilizofungwa ndani ya ganda la programu asilia.

Mwanaisimu anaweza kuilewa tofauti hii upesi. Programu asilia ni kama mzawa anayeisema lugha ya kwao: hutamka kwa wepesi, hujua vichochoro vyote vya mahali pale, lakini akivuka mpaka hana budi kujifunza upya. Programu ya wavuti ni mfano wa lugha ya mawasiliano mapana. Huenda isifikie undani wote wa kila jamii, lakini hueleweka bandarini, sokoni na bara bila mkalimani. Wasemaji wa Kiswahili, lugha iliyosambaa kwa njia hiyo hiyo, wana kila sababu ya kutoidharau sifa ya pili.

3. Usuli wa suala

Mnamo Juni 2007, siku chache kabla ya iPhone kuanza kuuzwa, Steve Jobs wa kampuni ya Apple aliwaeleza waandishi wa programu kwamba wangeweza kuiandikia simu hiyo kwa kutumia wavuti kupitia kivinjari cha Safari. Duka la programu halikuwapo. Wengi hawakuridhika, kwa kuwa programu za wavuti za wakati huo hazikuweza kuvitumia vipawa vingi vya simu yenyewe. Tarehe 10 Julai 2008 Apple ilifungua App Store ikiwa na programu zipatazo 500. Miezi michache baadaye, mwezi wa Oktoba, Google nayo ikaanzisha Android Market, ambayo mwaka 2012 ilibadilishwa jina kuwa Google Play.

Duka hilo lilileta manufaa ya kweli. Mchapishaji alipata mahali pa kuonekana, njia ya kupokea malipo na hakikisho fulani la usalama kwa wateja wake. Manufaa hayo yalikuwa na bei: kwa kila programu iliyouzwa, Apple ilichukua asilimia 30. Hata hivyo, magazeti yaliyojiendesha kwa wateja wa kulipia kila mwezi au kila mwaka yaliendelea kwa kitambo kuwauzia wateja hao nje ya duka.

4. Kisa cha Financial Times

Mnamo Februari 2011 Apple ilitangaza kanuni mpya. Kwa mujibu wa kanuni hizo, mteja aliyejiandikisha akiwa ndani ya programu angelipa kupitia Apple, nayo Apple ingekata asilimia 30. Ndani ya programu hakukuruhusiwa kiungo cha kumpeleka msomaji nje akanunue kwingineko. Isitoshe, jina na anwani ya mteja vingemfikia mchapishaji pale tu mteja mwenyewe aliporidhia.

Kwa Financial Times, sharti hili la mwisho halikuwa dogo. Gazeti hilo linauza habari za uchumi na biashara kwa walipaji, na ujuzi wa nani anasoma nini ndio unaoliwezesha kuwahudumia wateja, kuwashawishi waendelee na kuwauzia watangazaji nafasi. Asilimia 30 ni hasara ya fedha, na hasara ya fedha hupimika. Kutomjua msomaji wako ni hasara ya aina nyingine, kwa maana mteja huyo huwa ni wa duka, naye mwenye gazeti hugeuka mpangaji katika nyumba aliyodhani ni yake.

Mnamo Juni 2011 gazeti hilo lilizindua programu ya wavuti. Msomaji aliifungua kwa kivinjari cha iPad au iPhone, akaiwekea alama kwenye uso wa kifaa, na makala zikahifadhiwa ndani ya kifaa hicho ili zisomeke hata pasipo mtandao. Agosti mwaka huo programu yake asilia ikaondolewa katika duka la Apple. Huo haukuwa uamuzi wa mtu aliyeshindwa kazi, kwani programu hiyo ya iPad ilikuwa imetuzwa na Apple yenyewe mwaka 2010 kwa ubora wa usanifu wake. Mwaka 2012 gazeti liliinunua kampuni ndogo ya Assanka iliyoijenga programu ya wavuti, na hivyo likawa na mafundi wake lenyewe.

Kisa hiki kina sehemu ya pili ambayo wanaokisimulia huisahau. Mwaka 2017 Financial Times ilirudi katika duka la Apple na programu mpya. Je, urejeo huo unabatilisha uamuzi wa awali? La. Gazeti lilirudi likiwa na wateja waliokwisha kujiandikisha kwake moja kwa moja, wakaifungua programu kwa majina yao ya siri waliyokuwa nayo. Lililoanza kama jambo la kulazimishwa lilirudiwa kama jambo la hiari.

Linganisho moja linatosha. The Daily, gazeti la kampuni ya News Corporation lililoundwa mahususi kwa ajili ya iPad, lilianzishwa Februari 2011 na kufungwa Desemba 2012. Sababu za kufungwa kwake ni zaidi ya moja, lakini kujifungia ndani ya kifaa kimoja kuliupunguza umma wake tangu siku ya kwanza.

5. Hoja ya upande wa pili

Itakuwa makosa kudhani kwamba wavuti hushinda daima. Facebook iliwahi kuzijenga programu zake za simu juu ya HTML5, na watumiaji wakalalamikia ugoigoi wake. Mnamo Agosti 2012 kampuni hiyo ilitoa programu asilia ya iPhone iliyoandikwa upya, na mwezi uliofuata Mark Zuckerberg alikiri hadharani kwamba kuitegemea mno HTML5 lilikuwa kosa kubwa. Programu iliyohitaji kuonyesha picha na taarifa mpya bila kukoma ilihitaji wepesi ambao vivinjari vya simu havikuwa nao wakati huo.

Pengo hilo limepungua tangu hapo. Mwaka 2015 Alex Russell na Frances Berriman walibuni jina la programu za wavuti endelevu, yaani zinazojiongezea uwezo kulingana na kivinjari zilimo. Machi 2018 iPhone ilipokea nyenzo muhimu ya kuziwezesha kurasa kufanya kazi bila mtandao, na Machi 2023 ikaruhusu programu za wavuti zilizowekwa kwenye uso wa simu kutuma arifa.

Lakini wavuti nao una mabawabu wake. Februari 2024 Apple ilitangaza kwamba ingeziondolea programu za wavuti hadhi hiyo katika nchi za Umoja wa Ulaya. Baada ya malalamiko mengi ikabatilisha uamuzi huo tarehe 1 Machi. Tukio hili linadhihirisha kwamba mlango wa wavuti haukosi mwenyewe. Tofauti ni kwamba milango yake ni mingi: kikifungwa kimoja, anwani ileile bado hufunguka kwenye simu nyingine na kwenye tarakilishi.

6. Vigezo vya uamuzi

Kutokana na mifano hiyo, mchapishaji anaweza kujiuliza maswali manne.

Kwanza, matini yake ni ya aina gani? Insha, hadithi na makala za kitaaluma huhitaji maandishi yanayosomeka vyema, na wavuti hulitimiza hilo. Kazi yenye sauti nyingi, michezo ya kujifunzia au matumizi mazito ya kamera huelekea upande wa programu asilia.

Pili, msomaji ataipataje? Makala ya wavuti ina anwani yake. Hutafutwa, hutumwa kwa rafiki kwa kiungo kimoja na hunukuliwa katika tasnifu. Makala iliyomo ndani ya programu asilia pekee huonwa na yule tu aliyekwisha kuisakinisha.

Tatu, nani atailipia na hadi lini? Apple humtoza mwandishi wa programu dola 99 kila mwaka. Google humtoza dola 25 mara moja. Ada hizo ni sehemu ndogo ya gharama. Anayetaka iPhone na Android pamoja mara nyingi huwa na programu mbili za kuandika na kusasisha.

Nne, kazi itadumu? Septemba 2017, mfumo wa iOS 11 ulipotoka, programu za zamani za biti 32 ambazo hazikuwa zimesasishwa ziliacha kufunguka. Mengi yaliyochapishwa kwa umbo hilo pekee yalitoweka machoni pa wasomaji ingawa hakuna aliyeyafuta.

7. Uchapishaji wa Kiswahili

Swali la nne ndilo lenye uzito mkubwa zaidi kwa Kiswahili. Jarida la chama cha wanafunzi huhaririwa na watu wanaohitimu na kuondoka. Fundi aliyeiandika programu huondoka nao, na asipopatikana wa kumrithi, matoleo yote hufa na mfumo wa simu unaobadilika. Kurasa sahili za wavuti huhitaji malezi pia, kwani anwani lazima ilipiwe na nakala zihifadhiwe maktabani. Hata hivyo, malezi hayo ni mepesi, na mhariri mpya huweza kuyajifunza.

Fedha nazo zina nafasi yake. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mnamo Machi 2007, msomaji ameweza kumtumia mchapishaji malipo madogo bila kadi ya benki. Diwani inayouzwa kwa njia ya tovuti inaweza kulipiwa hivyo, na mchapishaji akamjua mnunuzi wake. Tena, msomaji anayenunua bando dogo la siku hatapenda kulimaliza kwa kupakua programu nzima ili asome shairi moja.

Zipo kazi zinazostahili programu asilia. Kamusi ni mfano bora: hutazamwa mara nyingi kwa siku, darasani na safarini, na mara nyingi mahali pasipo mtandao. Taasisi yenye mafundi wa kudumu na bajeti ya kila mwaka inaweza kuitengeneza bila hofu. Hata hapo ni busara hazinadata ya maneno ihifadhiwe kando ya programu, ili siku programu itakapozeeka, leksikografia ya miaka mingi isizeeke nayo.

8. Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba programu ya wavuti na programu asilia hazishindani kwa ubora mtupu, bali kila moja humweka mchapishaji katika uhusiano tofauti na msomaji wake. Njia inayoelekea kuwa salama ni kuanzia kwenye wavuti, kujenga umma unaofahamika, kisha kuongeza programu asilia pale inapohitajika na inapowezekana kuitunza. Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Duka la mwingine ni mahali pazuri pa kuuzia. Ghala la fasihi na taaluma ya Kiswahili halina budi kuwa mikononi mwa wenyewe.